Afya kwa wote: Ada ya bima na hali ya waliojiajiri

WAFANYAKAZI walioajiriwa hukatwa ada ya bima ya afya kabla mshahara haujawafikia mkononi. Fundi wa jua kali, mama mboga na mwendeshaji bodaboda hawana wa kuwakata. Sharti watenge fedha hizo wenyewe. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini Kenya wamo katika sekta isiyo rasmi, ufanisi wa mpango wa afya kwa wote unategemea sana kundi hili.

Tatizo hili ni la miaka mingi. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliundwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wa mshahara, na waliojiajiri wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari mwaka 1972. Desemba 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliopiganiwa na aliyekuwa Waziri wa Afya, Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Kuanzia Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Aliyejiajiri hutozwa kiwango hicho hicho cha mapato ya kaya yake. Ada ya chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi.

Chini ya NHIF, kuanzia mwaka 2015, aliyejiajiri alilipa Sh500 kwa mwezi, awe tajiri au maskini. Kwa utaratibu mpya, kaya inayokadiriwa kupata Sh10,000 hulipa Sh300, ilhali yenye Sh50,000 hulipa Sh1,375. Mpaka uko karibu na Sh18,200: walio chini yake wamepata nafuu, na walio juu wameongezewa mzigo.

Mapato hayo hukadiriwa kwa kuuliza maswali kuhusu nyumba, choo, nishati ya kupikia na idadi ya watu katika kaya. Udhaifu wa njia hii ni kwamba paa na kuta huonekana, lakini deni la bidhaa alizokopa mwenye duka halionekani.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika wakati wa kulipa. Mwajiriwa wa Sh20,000 hukatwa Sh550 kila mwezi. Sheria inamtaka aliyejiajiri mwenye mapato sawa na hayo alipe ada ya mwaka mzima, yaani Sh6,600, kwa mkupuo mmoja. Kwa mchuuzi, kiasi hicho huenda ndicho mtaji wa kununulia bidhaa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mwanachama hukopeshwa ada ya mwaka na kuilipa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, ila mkopo ni deni hata biashara inapodorora.

Mwenye biashara ndogo aliyeajiri watu ana jukumu jingine. Haongezi chochote juu ya ada ya mfanyakazi, tofauti na ushuru wa nyumba ambao mwajiri naye huchangia asilimia 1.5. Hata hivyo, ni lazima akate ada hiyo na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akichelewa, mfanyakazi wake huenda akakosa huduma hospitalini.

Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zimetengewa hazina tofauti inayotegemea fedha za serikali, hivyo aliyejisajili hazikosi hata kama hajalipa ada. Kulazwa na kufanyiwa upasuaji ndiko kunakohitaji ada iliyolipwa. Wengi wakingoja kuugua ndipo walipe, hazina hubaki na wagonjwa wengi na fedha chache, na hospitali hucheleweshewa malipo yake. Kwa sababu hiyo, kurahisisha ulipaji kwa mwenye kipato cha kila siku kunawafaa hata wenye mshahara.