Jiwe la Tabaka na njia ya kwenda pwani

Meli iliyoitwa William Mackinnon ilifika ziwani kwa miguu ya watu. Iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari hadi Mombasa. Reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa inajengwa, kwa hiyo palipoishia reli wapagazi walijitwika mabamba ya chuma wakapanda nayo bara. Vipande vingine vilipotelea njiani. Mwaka 1900 ikateremshwa majini pale Kisumu, meli ya kwanza ya moshi ya Waingereza katika Ziwa Viktoria. Reli yenyewe ilifika Desemba 1901.

Habari za Tabaka nazianza na meli hiyo kwa sababu njia iliyopandisha chuma kutoka pwani ndiyo baadaye iliyoteremsha jiwe kwenda pwani. Jiwe nalo, kama chuma kile, lilisafiri kwa migongo ya watu.

Tabaka iko kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, katika Mugirango Kusini. Ukitoka Kisii kuelekea Migori unapita Suneka, halafu unaiacha barabara kuu na kuingia vilimani. Vumbi jeupe la kando ya njia litakuambia umekaribia. Jiwe hutoka machimboni likiwa na unyevu, laini kiasi cha kukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu. Liko jeupe, la waridi, la kijivu, na lenye mishipa ya rangi ya zambarau. Kwa kawaida wanaume huchonga. Wanawake husugua kwa msasa, mikono ikiwa ndani ya beseni la maji tangu asubuhi, kisha hupaka nta mpaka jiwe ling'ae. Mnunuzi hulisifu jiwe kwa ule mng'ao, na kwa maoni yangu wanaouleta hawajapewa bado sifa wanayostahili.

Jiwe hili ni zito ajabu. Mita moja ya ujazo hupita tani mbili na nusu. Naamini uzito huo ndio uliozipa safari za Tabaka sura yake. Mfuko wa kahawa mtu ataubeba akaondoka zake. Mzigo wa mawe wenye faida humtaka ndugu wa kushika upande wa pili, rafiki wa kuulinda stendi, na shemeji wa kuupokea mwisho wa safari.

Zamani halikwenda mbali. Wagusii walilichonga bakuli, viko vya tumbaku na mbao za kuchezea bao, na unga wake mweupe ulitumika kujipaka wakati wa sherehe. Masimulizi ya wazee yanawataja Wagusii kama watu waliokuja wakitembea kwa koo, kutoka kaskazini kupitia Mlima Elgon, wakakaa nyanda za Kano, wakafika Kabianga ambako baridi iliwashinda wao na ng'ombe wao, ndipo wakapata vilima hivi. Safari ya ukoo mzima, na watoto na mifugo, hawakuanza kuijua kwa Mzungu.

Kituo cha serikali kilipowekwa Kisii mwaka 1907, bandari yake ilikuwa ziwani. Mwaka uliofuata Mgusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa Mwingereza, Northcote, na adhabu iliyowashukia Wagusii ilikuwa ya moto na damu. Septemba 1914 Wajerumani walipouingia mji wa Kisii, askari wa Waingereza waliletwa kwa meli hadi Kendu Bay, wakapanda mlima kwa miguu kwenda kupigana nao. Kisha vita vikawataka vijana wa vilimani wenyewe. Wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, kile kikosi kilichoacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariakor katika Nairobi. Wapagazi wengi hawakurudi. Waliorudi walikuwa wameona reli, miji na masoko. Wakamba husimulia jinsi Mutisya Munge wa Wamunyu alivyojifunza uchongaji wa vinyago huko Tanganyika wakati wa vita hivyo akaupeleka kwao. Gusii ufundi ulikuwapo tayari; kilichokuja ni habari kwamba mbali huko yupo mtu wa kuununua.

Kumfikia mtu huyo, barabara nzuri haikuwapo, ziwa lilikuwapo. Mtu wa Gusii aliyetaka Nairobi aliteremka hadi Kendu Bay kwa kupitia Oyugis, au akashika njia ya Homa Bay, akangoja meli ya Kisumu. Gati la Kendu lilikuwa mkutano wa watu: Wajaluo na samaki wao, Wahindi wenye maduka, Waislamu waliokuja na biashara ya pwani wakajenga msikiti wao hapo, na Wagusii walioshuka na wimbi na ndizi. Kiswahili cha wengi wa vilimani kilifunguliwa ulimi mahali kama hapo. Kutoka Kisumu, gari la moshi lilikuwa na karibu kilomita 940 za kwenda mpaka Mombasa.

Nilipokuwa mtoto niliifanya sehemu ya mwisho ya safari hiyo pamoja na mjomba wangu na rafiki zake wawili. Treni iliondoka Nairobi saa moja jioni. Tulikuwa na makasha manne, kila kipande kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba na kurasa za magazeti ya zamani. Mjomba aliyapanga chini ya viti vya daraja la tatu na kuniambia nilalie juu ya moja. Wanaume walilala kwa zamu. Hakuna aliyeiita kazi ile ulinzi, walisema tu, "Lala wewe, mimi bado naongea." Asubuhi tukaona minazi, na Mombasa tukapokelewa na binamu ya mama, ambaye chumba chake cha kupanga kilikuwa ghala, jiko na mahali pa kulala watu saba.

Bila chumba kama kile, na vingine kama hicho Nairobi na Kisumu, sidhani jiwe lingefika popote. Watalii walipofurika pwani baada ya uhuru, mchongaji wa Tabaka hakuwa na ofisi wala wakala. Alikuwa na ndugu. Makasha yalishushwa, yakavushwa kwa feri ya Likoni kati ya baiskeli na vikapu vya samaki, yakaenda Diani. Watu wa vilimani walioogopa maji walijikuta wakivuka mlango wa bahari mara mbili kwa siku, wakiwa wamebana viboko na ndovu wa mawe kati ya magoti.

Njia ya ziwa ilififia. Barabara ziliboreshwa, mabasi ya usiku yakamchukua abiria kutoka Kisii moja kwa moja, na miaka ya 1990 magugu maji yalifunika ghuba hadi meli zikakwama bandarini Kisumu. Meli ziliacha kuwa njia ya watu wa kawaida, na jambo hilo linaniuma, maana kwenye meli abiria walikaa wakitazamana.

Jiwe, hata hivyo, liliendelea kwenda mbali kuliko wenyewe. Elkana Ong'esa, mwana wa eneo hilihili la Tabaka, alichonga Ndege wa Amani anayesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Kenya walioalikwa Washington kwa tamasha la Smithsonian.

Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku pale Kisii. Kondakta alitaka kila mzigo uingie kwenye buti. Mama mmoja aliyekuwa na binti zake wawili alikubali kutoa makasha matatu, akakataa la nne. Lilikuwa na seti ya sataranji, vipande 32 vyeupe na vya kijivu, ambavyo binti mdogo alikuwa amevisugua mwenyewe. Walilipakata kwa zamu. Tulipopita Narok, usiku wa manane, mama alikuwa amesinzia na kasha lilikuwa mapajani mwa kijana wa kiti cha pili, mtu ambaye hawakumfahamu walipopanda.