Mwendo Uliovikwa Sura Nyingine

Wewe msomaji uliyekulia upande wa Kedowa au Kericho huhitaji kuuona uso wa mchuma chai ili umjue. Kwa mbali, ukungu ukiwa umemfunika nusu, wamtambua mama yako kwa jinsi anavyoinama, anavyochuma majani mawili na chipukizi, na anavyoyatupa kikapuni nyuma ya bega. Mwendo wa mtu ni sura yake ya pili. Kuinasa sura hiyo na kuivika kiumbe cha kuchorwa ni kazi yenye historia ndefu.

Katika miaka ya 1880, Mfaransa Étienne-Jules Marey alimvika mtu vazi jeusi gubigubi lenye mistari myeupe mikononi na miguuni, akampiga picha mfululizo akitembea. Mtu akatoweka, mwendo ukabaki. Jina la Marey lajulikana. Wachache huuliza ni nani aliyelivaa vazi lile.

Huko Marekani, mwaka 1915, Max Fleischer aliomba haki ya uvumbuzi wa mtambo wa kuchorea juu ya picha za sinema, moja baada ya moja. Nduguye, Dave, ndiye aliyevaa nguo za mchekeshaji akacheza mbele ya kamera. Kila sekunde ilidai michoro zaidi ya 10, basi mchezaji alikwisha kwenda zake kulala, na mchoraji angali ameinama mezani.

Umbali huo ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lee Harrison alimfunga mchezaji vifaa vya umeme viungoni, navyo vikapeleka mwendo wake kiooni papo hapo: akiinua mkono, na mchoro wainua. Sasa mchezaji aliweza kuuona mwili wake mpya na kuurekebisha angali akicheza. Mwaka 1989, katika kipindi cha televisheni cha Jim Henson, kiumbe Waldo aliongozwa vivyo hivyo kwa mkono wa mcheza vikaragosi.

Mwaka 2015 Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o, aliyekwisha kutunzwa Oscar mwaka 2014, alitiwa nukta usoni, akawa Maz Kanata wa Star Wars: kibibi kizee chenye miwani mikubwa. Wako walionung'unika kwamba uso wake umefichwa. Mimi siafiki, maana kila kope iliyopepesa ilikuwa kazi yake. Lakini hakuna mwigizaji aliyepata kupewa Oscar ya uigizaji kwa kiumbe wa namna hiyo.