Pembetatu za Durban

Mimi mzima, zamu za usiku zinaendelea, na joto la Durban linanikumbusha Tanga. Mmezoea niwaletee habari za bahari na vyakula vya huku. Leo nina historia ya somo la hesabu. Msicheke kwanza, linafika mbali.

Sisi tuliosoma shule za msingi za serikali tunalikumbuka. Kuna pembetatu yenye pande zote tatu sawa. Kuna pembetatu pacha, yenye pande mbili sawa. Kuna ile ambayo kila upande una urefu wake. Halafu kuna pembetatu mraba, yenye pembe ya nyuzi 90. Watoto wa darasa la 7 hapa Durban wanasoma hayo hayo. Kwa Kizulu pembetatu inaitwa unxantathu. Sikilizeni hiyo "tathu" mwishoni, ni tatu yetu kabisa!

Sasa, kuna wakati serikali ya huku iliona mtoto mweusi hana haja na mambo hayo. Mwaka 1953 Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu. Waziri aliyeisimamia, Hendrik Verwoerd, aliuliza kuna faida gani kumfundisha mtoto Mwafrika hisabati ikiwa hataitumia popote. Yaani walishampangia kazi za mikono kabla hajajua kushika penseli.

Kusini mwa Durban, karibu na Amanzimtoti, ipo shule inaitwa Adams College, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1853. Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel (ya mwaka 1960), alisomea ualimu pale na akafundisha pale pale. Kwa sheria ile, serikali iliichukua shule hiyo mwaka 1956.

Mwaka 1974 ikaja amri nyingine: shule za Waafrika zifundishe hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto wakaandamana, polisi wakawapiga risasi. Ndiyo Siku ya Mtoto wa Afrika tunayoiadhimisha kila mwaka. Nilipokuwa mdogo niliimba siku hiyo bila kuambiwa kwamba hisabati nayo ilikuwa ndani ya ugomvi ule.

Hayo si ya vitabuni tu. Kazini kuna mama mmoja, nesi wa siku nyingi, anakaribia kustaafu. Alisoma shule ya msingi miaka ile. Ananiambia kwao hesabu ilikuwa kujumlisha na kutoa, basi. Kukokotoa matone ya dripu alijifunza ukubwani, usiku, wenzake wamelala. Leo ndiye tunayemwita tukitaka kuhakikisha dozi ya mtoto.

Kinachonishangaza ni kwamba serikali hiyo hiyo ilipenda sana kupanga vitu kwa mafungu. Tangu mwaka 1950 sheria ilimwandikisha kila mtu katika fungu moja la rangi, na ikatumika mpaka 1991. Fungu lako liliamua uishi wapi na usome wapi. Hapa Durban familia za Kiafrika ziliondolewa Cato Manor zikapelekwa KwaMashu na Umlazi.

Lakini pembetatu haikubali sheria hiyo. Chukua bendeji ya pembetatu tunayomfungia mtu aliyevunjika mkono. Ukikata kitambaa cha mraba kutoka kona hadi kona unapata bendeji mbili, na kila moja ni pembetatu mraba na pia ni pacha. Iko mafungu mawili kwa wakati mmoja, na hakuna kosa.

Hata wataalamu wamebishana. Euclid, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alisema pacha ni yenye pande mbili tu zilizo sawa. Wengi leo wanasema yenye pande tatu sawa nayo ni pacha, maana mbili zimo ndani ya tatu. Michael de Villiers, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Durban-Westville, aliandika mwaka 1994 kuhusu maumbo ya pande nne kwamba mafungu huwekwa na watu, kwa sababu zao, na mwanafunzi anapaswa kuzijua sababu hizo.

Mimi naona hapo ndipo penye faida ambayo Verwoerd hakuitaka. Mtoto aliyezoea kuuliza "umepanga kwa kigezo gani?" juu ya pembetatu, kesho atauliza hivyo hivyo akipangwa yeye.

Basi dada zangu na kaka zangu wenye watoto shuleni, jioni moja chukueni karatasi ya mraba, ikunjeni kona kwa kona, mkate. Muulizeni mtoto hiyo ni pembetatu gani. Akitoa jina moja, mwambieni atafute la pili.

Wasalimieni wote, bibi mwambieni dawa ya presha asiiache. Zamu inaniita.