Dirisha katika Ukuta wa Tembe

Wanyaturu wa Singida, sawa na majirani zao Wagogo wa Manyoni, tangu kale walijenga tembe: nyumba fupi ya miti na udongo, yenye paa bapa. Paa hilo ni mzigo. Juu ya nguzo zenye panda hulazwa mihimili, juu ya mihimili fito, kisha majani na tabaka nene la udongo. Msomaji wa visiwani aijuaye dari ya boriti ataelewa upesi. Tofauti ni kwamba kule ukuta wenyewe ni safu ya miti iliyosimikwa na kukandikwa.

Tembe haikuwa na dirisha, wala si kwa ujinga. Mifugo ililala ndani, maadui walikuwa nje, na moshi wa jikoni uliikausha miti na kuwafukuza mchwa. Wamisionari na maofisa wa afya wa kikoloni waliona giza na moshi tu. Na kuhusu moshi hawakukosea, kwani macho na vifua vya wapishi viliumia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, nyumba yenye madirisha ilikuwa imekwisha kuwa kipimo cha maendeleo.

Ila dirisha katika tembe lina gharama yake. Mwenye kulitoboa hukata miti miwili mitatu ya ukuta. Fremu nyembamba ikipachikwa pasi na kizingiti imara, mhimili uliotegemea miti hiyo hupinda, na udongo uliokandikwa darini, usiojua kupinda, hupasuka. Ufa huanzia pembeni mwa dirisha ukapanda juu. Mvua zijazo maji hupenya, paa likazidi uzito; na moshi ukiisha kutoka, mchwa hurudi. Aghalabu lawama huangukia udongo, ilhali mkosaji ni msumeno. Nguzo mbili za panda na gogo moja juu yake zingalitosha, na fundi yeyote wa tembe alilijua hilo.

Mwaka 1977, akilitathmini Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Nyerere aliwalaumu wanaoyadharau matofali ya kuchoma na vigae wakisubiri bati na saruji. Lawama ya haki, lakini iliyochelewa. Bati lilienea. Ni jepesi, na dirisha lililo chini yake halipasui dari, kwa kuwa mara nyingi dari yenyewe haipo. Joto la adhuhuri hushuka moja kwa moja kitandani.