Uongo Wenye Siku ya Kufumbuliwa

Handeni na Korogwe, kwa Wazigua na Wasambaa kama kwa majirani zao, malezi ya zamani yalijaa maneno ambayo mkubwa aliyatamka akijua si kweli. Usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Usikalie kinu, mama yako atakufa. Usisimulie hadithi mchana, utaota pembe. Kinu ni chombo cha chakula cha nyumba nzima. Mtoto wa miaka mitatu anayetaka kukikalia haelewi habari za usafi, ila habari ya kumkosa mama anaielewa. Mchana nao ulikuwa wa kuamia ndege na kufukuza nyani shambani, na hadithi zingeila kazi hiyo. Nayatetea maneno haya, ila si kwa manufaa hayo pekee, maana kila mwongo hudai nia njema. Nayatetea kwa kuwa yalikuwa na mahali pa kufumbuliwa. Mvulana alipoingia jandoni na msichana alipowekwa mwali, walifundishwa mizungu, yaani mafumbo pamoja na maana zake, na huko walijifunza kuwa neno la mkubwa huwa na jambo ndani yake. Wakitoka, wao ndio waliowatisha wadogo zao kwa nyoka yuleyule.

Tisho lisilo na mfumbuzi huota mizizi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakatanda, manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo, wakaja kutoka mbali. Katika enzi hiyo ya ukoloni, hofu ya mumiani, mnyonya damu, ilienea Afrika Mashariki, na jina lake likatumika kumnyamazisha mtoto anayelia. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inasema mumiani ni dawa nyeusi mfano wa gundi, kisha inaongeza kuwa wengi waliamini imetokana na damu ya watu waliouawa. Hapo hapakuwa na wa kumfumbulia mtoto, kwani mkubwa aliyemtisha aliogopa vilevile. Mtoto akakua na hofu yake, akamrithisha mwanawe.

Atasema mtu kwamba jando lenyewe lilikuwa na bakora, na kwamba unyago ulimfunza msichana kunyamaza mno. Ni kweli, na siombi hayo yarudi. Mwingine atasema mtoto akigundua alidanganywa hatamwamini tena mzazi. Hilo humpata anayegundua peke yake. Anayefumbuliwa na aliyemficha huona kwamba amepandishwa cheo. Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitalini, na kurudi nyumbani siku hiyohiyo na bandeji bila fumbo hata moja, ilhali nyumbani bado wanaambiwa kwamba mdogo wao alinunuliwa hospitali. Mzazi uliyesema hivyo, mketishe mwanao umweleze ukweli kabla hajausikia kwa wenzake njiani.