Mvuke wa Olkaria: Safari ya Kenya Kuutafuta Uhuru wa Stima

Bendera yetu ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, sehemu ya stima iliyotumika nchini ilikuwa ikitoka Uganda, kwenye bwawa la Owen Falls kule Jinja. Tulipata uhuru wa kujitawala, lakini taa zetu bado zilitegemea jirani, na mitambo na magari yetu yalitegemea mafuta ya ng'ambo. Tunaposherehekea Jamhuri mwaka huu, tungependa watoto wetu waliozaliwa huku Uingereza wajue jinsi nchi ya wazazi wao ilivyoutafuta uhuru huo wa pili.

Hatua ya kwanza ilikuwa Mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, na mengine yakafuata. Lakini bwawa hungoja mvua, na mvua haina mkataba na mtu.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda kutoka takriban dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12 katika miezi michache. Nchi changa isiyo na mafuta iliumia. Hapo ndipo macho yakarudi Olkaria, karibu na Naivasha, ambako visima viwili vilikuwa vimechimbwa miaka ya 1950 bila kupata mvuke wa kutosha. Safari hii, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, uchimbaji uliendelea mpaka mvuke ukapatikana. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kuzalisha stima.

Mbona ilichukua muda mrefu hivyo? Jibu ni la kiuchumi. Kisima kimoja cha jotoardhi hugharimu dola milioni kadhaa, na huwezi kujua kina mvuke mpaka umekwisha kukichimba. Mtambo wa dizeli hununuliwa kwa bei nafuu, lakini kila siku unadai mafuta. Jotoardhi hudai fedha nyingi mwanzoni, kisha hakuna wa kutuletea bili ya mvuke. Wafanyabiashara huogopa kubahatisha chini ya ardhi, kwa hiyo mzigo huo ulibebwa na serikali na mikopo ya umma. Ukame wa mwaka 2000, ulioleta mgao wa stima nchi nzima, ulitukumbusha gharama ya kusitasita. Mwaka 2014 Olkaria iliongezwa megawati 280, na leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya stima ya Kenya.

Teknolojia ndogo zilipita njia nyingine. Mapema miaka ya 1980 lilitokea jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani, wazo lililochukuliwa kutoka Thailand na kubadilishwa lifae mapishi yetu. Mafundi wa jua kali walilitengeneza kwa mikono, wakashindana, bei ikashuka, na mama wa nyumbani akaokoa hadi nusu ya makaa yake. Baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, ikawezekana pia kununua taa za sola kwa kulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, badala ya kununua mafuta ya koroboi.

Lakini tusijisifu tukasahau madeni. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mitambo ya Olkaria, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Kule Turkana, mitambo 365 ya upepo ilikaa tayari bila kazi mpaka mwaka 2018 kwa sababu nyaya za kusafirisha stima zilichelewa. Na jamaa zetu nyumbani bado wanalalamika kwamba bili ya stima ni kubwa, kwa kuwa mikopo, kodi na mikataba ya fedha za kigeni yote hulipwa kupitia bili hiyo. Mvuke ni wetu, lakini mtaji mwingi ulikopwa.

Hapo ndipo sisi tulio ughaibuni tunapoingia. Fedha tunazotuma nyumbani zimeshapita mapato ya chai na ya maua. Nyingi huenda kwenye karo, hospitali na nyumba, na ni haki yake. Lakini chama cha ukoo kikichanga kwa ajili ya pampu ya sola shambani, au kijana wetu akisomea uhandisi wa jotoardhi, tunapunguza deni la kesho.

Huku Uingereza kituo cha mwisho cha stima ya makaa ya mawe kilifungwa Septemba 2024. Watoto wetu wakisimuliwa hayo shuleni, nao wawe na la kusimulia: habari za Olkaria, mvuke wake, na wale ambao bado wanangoja haki yao hapo.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.