Kuitambua Leica ya Wakati wa Vita

Kamera ya Leica IIIc ilianza kutolewa na kiwanda cha Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani, katika mwaka 1940. Baadhi zilichorwa maneno Luftwaffen-Eigentum, yaani mali ya jeshi la anga. Nyingine zilitiwa herufi K baada ya namba, ishara kwamba mtambo wa pazia lake wazunguka juu ya gololi.

Lakini maneno yaweza kuchorwa na mkono wowote. Kamera za FED, zilizoiga Leica II ya mwaka 1932, zilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934. Zorki zilifuata Krasnogorsk mwaka 1948. Nyingi zimechorwa baadaye alama za Kijerumani, zikauzwa kwa jina la Leica. Lenzi ikifunguliwa, siri hufichuka: ndani ya Leica, kipima masafa huguswa na lenzi kwa kigurudumu, ndani ya FED na Zorki, kwa kawaida, kwa kipande bapa chenye ncha.

Hata hivyo, Leica halisi nayo yaweza kuongezewa maandishi ya uongo. Hapo yampasa mchunguzi kulinganisha namba na vitabu vya kiwanda. Kama ilivyo kwa hati za kale, maandishi ni dai. Umbo na kumbukumbu ndizo shahidi.